Mistari Mia Tatu na Kumi na Miwili

Naanza kwa kumtaja Yule asiyehitaji kuhesabu ili ajue, maana leo nimechoshwa na wanaohesabu, nimechoshwa zaidi na wasiohesabu, na aliyenichosha kuliko wote ni mtu mmoja ambaye jina lake nitalitaja kabla sura hii haijafungwa, nikijaaliwa ujasiri wa kulitaja.

Nafanya kazi katika jumba ambalo wenyeji huliita Hifadhidata. Lilijengwa lini, sijui. Mji unaolizunguka waitwaje, nimeuliza mara mbili nikajibiwa kwa majina mawili. Ndani yake mna ukumbi mmoja mrefu usio na madirisha ila mwisho wake, na kila upande wa ukumbi mna vyumba, na kila chumba huitwa jedwali. Kuna Jedwali la Visima, Jedwali la Ndoa, Jedwali la Mashamba. Ndani ya jedwali mna makabati, ndani ya makabati mna mistari, na kila mstari ni mtu au kitu kilichoandikwa ili kisipotee. Nje, juu ya kila mlango, hutundikwa ubao mweusi wa takwimu, ili anayepita ajue hali ya chumba bila ya kukiingia. Kazi yangu ni kuzisoma mbao hizo.

Kila ubao una mambo sita. Jina la jedwali. Mistari iliyo hai. Mistari iliyokufa, yaani ile iliyopigwa wino wa kufutwa lakini haijatolewa kabatini. Kisha mara ambazo jedwali limepekuliwa mstari kwa mstari, tangu kabati la kwanza hadi la mwisho. Kisha mara ambazo limeingiwa kwa faharasa, nayo ni kasha la kadi zilizopangwa kwa majina, likaalo nyuma ya kila mlango. Mwenye kulifungua huambiwa na kadi namba ya kabati, akaenda moja kwa moja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, tarehe ya hesabu ya mwisho. Idadi za kupekuliwa hujiongeza zenyewe: mpekuzi akivuka kizingiti, tarakimu hugeuka kwa mlio kama wa jino linalong'oka. Lakini idadi ya walio hai na ya waliokufa haijiongezi. Hiyo humsubiri mwanadamu.

Basi kila asubuhi hutia udhu, nikasimama mbele ya kila ubao, nikausoma kwa sauti. Sikuusoma kama msomavyo ninyi tangazo ukutani. Nilitoa kila tarakimu mahali inapostahiki kutokea, nikavuta panapovutwa, nikasita panaposimamiwa, na wafanyakazi waliojipanga ukutani wakaitika kwa pamoja, "Umesomeka." Miaka arobaini sikukosea tarakimu moja. Wageni walikuja kunisikiliza. Wapo waliolia nilipofika kwenye Jedwali la Visima.

Ukutani ipo saa yenye mishale mitatu. Mmoja huenda mbele, mmoja hurudi nyuma, na wa tatu umesimama katikati kama mtu anayewaamua wawili wanaogombana. Kwa hiyo nisemapo ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, nieleweni kuwa naapia sala, siiapii saa.

Baada ya adhuhuri, basi, nilimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi lililo chini ya mlango wa kumi na tisa, mlango wa Jedwali la Walio Hai. Alikuwa na kanga mbili za msiba na mfuko wa plastiki wenye ubani, marashi ya waridi na pamba. Akaniambia jina lake ni Shekue, na kwamba mama yake, Mwana Hidaya binti Feruzi, amefariki alfajiri. Ameshaoshwa. Ameshakafiniwa. Kaka zake wamemaliza kuchimba na wamekaa ukingoni mwa kaburi miguu ikining'inia ndani. Lakini mlinzi wa makaburi ya mji ule hafungulii jeneza lango mpaka aone cheti kwamba mstari wa marehemu umepatikana katika Jedwali la Walio Hai na umefutwa. Shekue ameleta ombi tangu jua halijachomoza. Mpekuzi ameingia. Mpekuzi hajatoka.

Nikamwambia asubiri, inshallah atatoka sasa hivi.

"Maalim," akasema, bila kunyanyua sauti, "mama alikuwa hapendi kuchelewa hata harusini. Akifika kabla ya biarusi. Leo mnamfanya nini?"

Nikafanya ninachojua. Nikageuka nikausoma ubao. Jedwali la Walio Hai. Mistari iliyo hai: mia tatu na kumi na miwili. Iliyokufa: hakuna. Kupekuliwa mstari kwa mstari: mara milioni nne, laki moja na sita. Kuingiwa kwa faharasa: hakuna. Sauti yangu ilipanda vizuri kwenye milioni na ikashuka vizuri kwenye sita.

Shekue akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka, inakuwaje mtu akaingia chumba chenye majina mia tatu tangu alfajiri akawa hajatoka. "Mimi peke yangu," akasema, "nina jamaa mia tatu. Na hao ni wa upande wa baba."

Enyi wasomaji, nimesoma mashairi ya wahenga kwa taa ya kibatari mpaka nikajua beti kwa harufu ya karatasi yake. Nimesimama katika safu ya mbele msikitini tangu sijaota ndevu. Na swali hilo, ambalo mwanamke aliyefiwa aliliona mara moja akiwa ameketi, mimi nililipita kila asubuhi nikilipamba kwa sauti. Mia tatu hai. Milioni nne za kupekuliwa. Faharasa hakuna hata mara moja. Ubao ulikuwa ukinilalamikia kama mgonjwa anayemwonyesha tabibu mahali panapouma, na tabibu akimsifu kwa ufasaha.

Hasira ikanipanda. Bado sikujua ni hasira juu ya nani.

Wakati huo mlango ukafunguka, akatoka Shamte, mpekuzi. Aliingia alfajiri na ndevu nyeusi; alitoka zikiwa zimechanganyika mvi. Alikuja kunywa maji tu. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amefika kabati la elfu tatu na kitu, hajaona mwisho wa chumba, na mistari haikupangwa kwa majina wala kwa miaka, imekaa kama ilivyoingia.

"Kila mstari wa nne ni wa maiti, Maalim wangu," akasema. "Umefutwa, lakini upo. Na siwezi kujua kuwa umefutwa mpaka niusome. Nawasoma wote, nawapa salamu wote. Ulimi umeniota sugu."

Nikamwamuru afungue kasha la faharasa, lile pale, nyuma ya mlango, hatua mbili. Akalitazama kama mtu anayetazama chakula mchana wa mfungo. Vumbi lilikuwa limelifunika kiasi cha kuota nyasi. Akasema hana ruhusa. Njia hupangwa na Mpanga-Njia, na yeye ni miguu tu. Akanywa maji, akarudi ndani. Tarakimu ya ubao haikugeuka, maana safari ilikuwa ni ile ile.

Mpanga-Njia hukaa mwisho wa ukumbi nyuma ya dirisha lenye nondo. Hakuna aliyemwona zaidi ya mikono. Kila ombi hupita kwake, naye huamua mpekuzi aende mstari kwa mstari au apitie faharasa. Nilimwendea kwa hatua ndefu zisizofaa umri wangu, Shekue akinifuata na mfuko wake wa ubani, nikamuuliza kwa nini anamtembeza Shamte mpaka anazeeka ilhali kasha liko mlangoni.

"Ubao unasema mistari mia tatu na kumi na miwili," ikajibu sauti, bila chuki yoyote. "Kwa idadi hiyo, kufungua kasha, kutafuta kadi, kusoma namba, kisha kulifuata kabati, ni kumsumbua mtu bure. Anatembea, anaona, anatoka. Ndiyo njia fupi."

"Umewahi kuingia chumba hicho?"

"Sina miguu ya kuingilia, Maalim. Nina ubao. Tena wewe ndiye unayenisomea."

Nilishika nondo. Nikamwambia kwamba ndani mna umati, kwamba Shamte ameuona kwa macho yake. Akaniambia Shamte haandiki ubao. Nikamwambia maiti anasubiri. Akanipa pole, pole ya kweli, nikaisikia katika sauti yake, kisha akasema ubao ukibadilika asubuhi atabadilika asubuhi, ukibadilika sasa atabadilika sasa.

Hapa nisimame kidogo, maana hili ndilo swali lililonifanya niandike kitabu hiki, na kila sura hulizunguka bila kuliingia. Katika jumba hili, nani mtawala? Chumba, chenye watu? Au ubao, wenye habari za watu? Mpanga-Njia ana amri juu ya kila hatua ya kila mpekuzi, lakini hana amri juu ya lile analoliamini. Shamte ana kweli yote mikononi, mstari baada ya mstari, na hana amri hata juu ya kasha lililo hatua mbili. Chumba kimejaa, kinafura, kinaoza robo yake, na hakina sauti. Ubao ni kipande cha mti. Na wote hawa, tangu asiyeonekana hadi asiyepumzika, wanamtii mti huo. Nimekaa na watu wanaoshindana juu ya yupi bora, mjuzi au mtendaji. Sijakutana na aliyeniambia kuwa kati ya mjuzi na mtendaji hutundikwa kitu cha tatu, kikuukuu, na kwamba hicho ndicho kinachotawala.

Kwa ghadhabu hiyo nikarudi mlango wa kumi na tisa, nikausimamia ubao, na ulimi wangu ukafanya uliyozoea kufanya unapokosa la kufanya:

Ubao nakulilia, nambie kweli yakini,
Mia umeandikia, mbona umati u ndani?
Na wanaokusikia, wapotea mlangoni,
Nani alokuachia, useme usobaini?

"Mama hajazikwa," akasema Shekue, "Maalim anatunga."

Nikaona haya. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu ya jua, au zaidi kidogo. Ule mwanga wa dirisha la mwisho ulikuwa umekwisha kufika benchi la tatu. Nikainama, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kuisoma ile tarehe ya herufi ndogo. Nilikuwa siisomi. Katika usomaji wangu niliiona kama jina la mchapaji chini ya kitabu, kitu kisichotiliwa sauti. Ilikuwa ya miaka thelathini na tisa iliyopita.

Nikamwita Mudiri Ghalibu, msimamizi wa jumba, mtu mnene mwenye funguo nyingi na subira kidogo. Nikamuuliza wahesabu wako wapi. Akashangaa kuwa nauliza. Akasema wahesabu wamepumzishwa zamani, kwa amri iliyoandikwa, na amri haiondolewi ila na aliyeitia saini; na kama nina shaka, jalada liko hapa. Akalifungua, akapuliza vumbi, akaniwekea karatasi mbele ya macho.

*Wahesabu wa takwimu wapumzike. Mikokoteni yao na sauti zao asubuhi huvuruga usomaji wa mbao. Wasirudi mpaka nitakapowaita.*

Mwandiko ulikuwa mzuri. Kila nukta ilikuwa mahali pake. Chini yake palikuwa na jina la mtu niliyeahidi kumtaja, nalo ni Idarusi bin Mbwana, msomaji wa mbao, na Idarusi bin Mbwana ni mimi.

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka. Kisha nikakumbuka vyote: magurudumu ya mikokoteni, wahesabu wakitaniana, mmoja akipiga chafya mimi nikiwa katikati ya Jedwali la Ndoa na wageni wamefumba macho. Nilijiambia ni siku tatu tu. Nilipata utulivu nilioutaka. Ukumbi ukanyamaza, sauti yangu ikajaa, na kwa sababu idadi za walio hai na waliokufa hazikubadilika tena nikazihifadhi kwa moyo, na mtu akihifadhi kitu kwa moyo hakitazami tena.

Kijana yule aliyetia saini, wapi alipo? Ningemshika shingo. Ningemuuliza. Hayupo. Yupo. Ananitazama kwa macho yangu, na hana habari kwamba kuna mwanamke benchini.

"Nani alokuachia," akasema Shekue polepole, akirudia ubeti wangu. Nilitamani aongeze neno.

Nikachukua kalamu nikaiondoa amri. Mudiri Ghalibu akasema vyema, wahesabu wataitwa, na kwa chumba kama hicho, wakihesabu mstari kwa mstari bila kulala, watamaliza baada ya miezi kumi na moja. Alisema hivyo akitazama funguo zake.

Nikasema hatutahesabu yote. Idadi ya makabati inajulikana, imechorwa ukutani na mafundi waliojenga: elfu tisini. Tufungue makabati thelathini, tuhesabu yaliyomo, tukadirie mengine kwa hayo.

"Yaani uandike dhana ubaoni?" akauliza Mudiri. "Wewe, Maalim? Wewe uliyemfukuza msomaji mwenzako kwa kusema 'kama' kabla ya tarakimu?"

Nilikuwa nimemfukuza. Maisha yangu yote yalikuwa juu ya tarakimu isiyoyumba. Mtu aliyefundishwa kwamba herufi moja ikiondoka mahali pake maana huharibika, atawezaje kuandika idadi asiyoijua, kwa chaki, mbele ya watu, kwa jina lake? Lakini niliitazama ile mia tatu na kumi na miwili. Ilikuwa imesomwa kwa usahihi mara elfu kumi na nne. Hapakuwa na uongo mkubwa kuliko huo katika mji mzima.

Mudiri akapendekeza makabati thelathini ya mwanzo, yaliyo karibu na mlango, tusitembee sana. Nikamkatalia: ya mwanzo ni ya kale, yamejaa wafu, yatatudanganya. Tunataka namba zisizompendelea yeyote. Nikamgeukia Shekue, maana yeye peke yake hakujua lolote la chumba kile, nikamwomba atutajie namba thelathini zozote, toka moja hadi elfu tisini.

Akafikiri kwamba nafanya mzaha. Kisha akaanza. Arobaini na saba, ngazi za nyumba yetu. Elfu moja na mia mbili, maandazi aliyokaanga mama kwa harusi ya kaka. Elfu thelathini na moja na tisa, hiyo ilikuwa namba ya kadi yake ya kliniki. Elfu themanini na mbili, hiyo sijui ni ya nini, imekuja tu. Alitaja akifuta macho kwa upindo wa kanga, na katika jumba lile kabati lililotajwa kwa namba yake hufunguka palepale, halihitaji kutafutwa. Shamte alikuwa ndani akiyaitikia kwa hesabu ya mistari ya kila moja. Mudiri Ghalibu, mwenye subira kidogo, alivua kofia akawa anaandika.

Makabati thelathini yalitoa mistari elfu tatu na kumi na miwili. Iliyo hai elfu mbili, mia mbili na hamsini na tisa. Iliyobaki ilikuwa imekufa. Nikapiga hesabu ukutani kwa chaki, nikaifuta ile mia tatu na kumi na miwili kwa kiganja, na vumbi lake likaniingia puani. Nikaandika: *Iliyo hai, yapata milioni sita na laki nane. Iliyokufa, yapata milioni mbili na laki tatu.* Nikaandika tarehe. Nikaiandika kwa herufi kubwa.

Sijawahi kuona mti ukitiiwa kwa haraka kiasi kile. Kutoka mwisho wa ukumbi, Mpanga-Njia akasema, "Faharasa," kwa sauti ile ile, kama vile hajawahi kusema neno jingine maishani mwake. Shamte akaliparamia kasha. Nilihesabu pumzi zangu. Ya kwanza, kifuniko. Ya pili, kadi. Ya tatu, akatoka ameshika mstari wa Mwana Hidaya binti Feruzi kwa mikono miwili, namna mtu abebavyo bakuli lililojaa.

Pumzi tatu. Na waliokaa kwenye benchi lile kabla ya Shekue, miaka thelathini na tisa, pumzi zao nitawarudishia kwa kitu gani? Niliwapita kila asubuhi. Nilidhani wamekuja kunisikiliza.

Shekue akaupiga ule mstari wino wa kufutwa yeye mwenyewe. Mudiri akagonga muhuri. Nilimwomba Shekue anisamehe. Akasema atafikiri baada ya maziko, na akatoka mbio na cheti, kanga ikimponyoka bega. Nami nikafuata. Tulimsalia mama yake nyuma ya imamu wa mtaa wao, nikaliwekea bega jeneza lake, jepesi mno, tukamshusha jua likiwa bado limeshika vilele vya minazi ya makaburini. Nilimtupia udongo mara tatu. Wakati huo nilimfikiria Yule ambaye hana ubao mlangoni pake, asiyekadiria, asiyehitaji wahesabu asubuhi, na nikaona kuwa ni adabu mja kusema "yapata" na kumwachia Yeye yakini.

Asubuhi wafanyakazi walijipanga ukutani kama kawaida. Mikokoteni ya wahesabu ilikuwa ikilia nyuma yangu na mmoja wao alikuwa akipiga chafya. Nilisoma mbao kumi na nane nikifika kwenye tarehe na kuitamka. Kwenye mlango wa kumi na tisa palikuwa na mtu mgeni benchini. Nikamuuliza kwanza amengoja tangu lini. Kisha nikachukua chaki, nikaongeza maneno mawili mwisho wa mstari wa tatu, maana katika chumba kile chote hilo tu ndilo nililolijua kwa hakika, nikasoma kwa sauti iliyovunjika mahali isipostahiki kuvunjika:

"Iliyokufa, yapata milioni mbili na laki tatu. Na mmoja."